Vipimo vya Twiga

Tarehe 3 Februari

Dada,

Kifurushi nimekipokea kwa dereva wa basi. Uzi mweupe umo, vifungo vimo, na maneno yako makali kuhusu mkasi wangu nayo yamo. Nimeupeleka kunolewa, usinifokee tena.

Sasa kaa vizuri nikupe habari. Nimepata kazi, na si ile ya kushonea watu sebuleni huku watoto wa jirani wanaichezea chaki yangu. Nimeajiriwa hospitali ya jeshi, fundi wa nguo. Wamenipa chumba kilichopakana na dobi, cherehani mbili, moja ya mguu na moja ya mkono, na meza ya kukatia ndefu ambayo marehemu baba angeiona asingetaka kurudi nyumbani.

Kazi yenyewe ni hii. Wanajeshi waliojeruhiwa mpakani wanaletwa huku, na wakianza kupata nafuu wanataka kuvaa suruali zao, maana hakuna anayependa kushinda na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Lakini suruali haziwaingii tena. Mwenye vyuma mguuni namfumulia mshono wa pembeni toka pajani mpaka chini, natia zipu. Asiye na vidole namwondolea vifungo, naweka utepe wa kunata. Halafu kuna waliokatwa miguu, na hao ndio wengi, dada.

Siku ya kwanza sista wa wodi alinipitisha kitanda kwa kitanda na futi yangu shingoni. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kupoza, pole sana, Mungu yupo, unanijua nilivyo. Sikupata hata nafasi ya kuyasema. Kwenye kitanda cha kwanza palikuwa na sajini asiye na mkono wa kulia, akaniuliza kama shati lake litawahi kuisha kabla ya mashati ya wenzake, kwa kuwa lina mkono mmoja tu wa kushona. Wodi nzima ikacheka, nami nikacheka nao. Baadaye nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kupima.

Koplo wa kitanda cha sita nilimuuliza kama nimkatie suruali iishie kwenye kigutu. Akasema nisikate, nikunje tu nishikize na pini, kwa sababu mguu wa bandia unakuja. Sista akaninong'oneza kwamba amekatwa juu mno, mguu wa bandia hautashika. Nikakunja, nikashikiza na pini.

Napima kama baba alivyotufundisha, mguu wa kulia kisha wa kushoto, yote miwili naandika daftarini. Sista ananishangaa, anasema mafundi wengine hupima mmoja wakamaliza. Nikamwambia hao hawakulelewa na baba yetu, aliyekuwa akisema hajawahi kumpima binadamu mwenye miguu iliyolingana.

Twiga wako ameandika? Nikifikiria kwamba mpwa wangu yuko huko huko wanakotoka hawa, napoteza hamu ya kula. Ukimwandikia mpe salamu za mama mdogo wake.

Mdogo wako,
fundi wa jeshi (usicheke)


Tarehe 11 Februari

Mdogo wangu,

Nimecheka. Fundi wa jeshi, na saluti hujui kupiga.

Hongera kwa kazi. Sikiliza lakini. Usiwaonee huruma hao watu kwenye kitambaa. Mtu wa magongo nguo yake huchanika kwapani kwanza, kwa hiyo hapo shona mara mbili, na uzi mnene. Na aliyekataa kukatiwa suruali mwache na pini zake. Siku akitaka kukatiwa atakuita mwenyewe.

Twiga hajaandika. Huu ni mwezi wa pili. Watu wananiuliza sokoni, mwanao mzima? Nawajibu mzima, ana kazi nyingi. Wiki hii nimeshona sare za shule thelathini na nimekosea kola mbili. Mimi, kola. Nimezifumua mlango ukiwa umefungwa ili mtu asinione.

Kwa kuwa sasa unakaa na wanajeshi, uliza habari za kikosi chake. Uliza taratibu, usianze na vicheko vyako. Na kama kuna habari mbaya niletee vile vile ilivyo. Usinifiche kwa kunihurumia. Hilo sitakusamehe, nakwambia mapema ili usije ukasema hukujua.

Dada yako


Wodi ya nne
Tarehe 19 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Nimemwomba sista akupe karatasi hii ukiwa chumbani kwako, si hapa mbele ya wenzangu.

Ni mimi, Twiga. Wodi hii nimehamishiwa wiki iliyopita tu, na juzi ulipoingia nilikijua kicheko chako kabla hujavuka mlango, nikajifunika shuka mpaka kichwani. Ukafika kitandani kwangu ukauliza huyu naye vipi, sajini akakwambia amelala. Ukasema mrefu jamani huyu, miguu inatoka nje ya kitanda. Ulihesabu vibaya, mama mdogo. Unatoka mmoja.

Ni wa kushoto, umekatwa juu ya goti. Wiki ya saba sasa. Kidonda kimefunga vizuri, daktari ameridhika. Kinachonisumbua ni kuwashwa kisigino ambacho sinacho, nikimwambia sajini ananijibu nijikune pale pale.

Nina ombi moja. Mama asijue. Unakumbuka nani alinipeleka jeshini. Mimi nilitaka kubaki dukani nishone naye, nilikuwa nimeshajua kukata kola. Mama akasema mwanaume mwenye urefu huu atajikunjaje nyuma ya cherehani maisha yake yote. Akanipigia pasi shati, akanishika mkono mpaka kwenye meza ya kuandikisha, akamwambia ofisa, huyu ni wangu, mchukueni. Alikuwa anacheka kwa fahari. Sasa akiuona mguu huu ataikumbuka siku ile, atajilaumu mpaka anaingia kaburini. Namjua. Hatalia mbele ya mtu, atanyamaza tu na kunyamaza.

Nataka nipate mguu wa bandia, nijifunze kutembea nao, niingie nyumbani na suruali ndefu kama mtu mwingine. Halafu nimwambie polepole. Akija kabla ya hapo nitaomba nihamishiwe hospitali nyingine, nimeshamwambia sista.

Kesho njoo unipime. Sitajifunika.

Mwanao,
Twiga


Tarehe 21 Februari

Twiga mwanangu,

Jana nilikulowesha shati, nisamehe. Nilikuwa nimejiapiza nitaingia nikitabasamu. Nakuandikia kwa sababu wodi yenu ina masikio arobaini, na sajini wako anajifanya anasoma gazeti lililogeuzwa juu chini.

Nimefanya ulivyotaka. Nimemwandikia mama yako kwamba umehamishiwa ghala la jeshi hapa mjini. Ile barua fupi uliyomwandikia jana nikiwa kando yako nimeitia kwenye bahasha moja na yangu. Lakini ujue umenitia pabaya. Mama yako aliniambia wazi kwamba nikimficha hatanisamehe, na yule akisema hatasamehe hasemi ili kupoteza muda. Sina dada mwingine.

Kula. Sista anasema unarudisha sahani nusu.

Mama mdogo


Tarehe 21 Februari

Dada,

Leo sina maneno mengi, kazi imenibana. Habari ni njema. Twiga yuko huku. Amehamishiwa ghala la jeshi, hapa hapa mjini, anakaa kwenye kiti anagawa sare na viatu. Nimemwona kwa macho yangu. Amekonda kidogo ila anacheka. Hakuandika kwa sababu ya uhamisho, mambo yalikuwa vurugu. Barua yake hii hapa ndani.

Basi tulia. Kola usizikosee tena.

Mdogo wako


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu,

Nilipomaliza kusoma nilikaa sakafuni. Mteja aliingia akanikuta hapo, akaniuliza nimeangusha nini, nikamwambia sindano. Tukaitafuta wote wawili.

Mungu akupe heri. Mwanangu yuko ghalani, juu ya kiti, mbali na risasi. Nimewaambia watu wote sokoni, na wale niliokuwa nakwepa kuwasalimu nimewafuata mwenyewe kuwasalimu. Muuza mkaa amesema leo nimeongea kuliko mwaka mzima uliopita. Kwa hiyo uvumilie, barua hii itakuwa ndefu.

Nimepata kitambaa cha kijivu, kizito kiasi, hakikunjiki ovyo. Nataka kumshonea suruali ya likizo. Jeshini hakuna suruali iliyowahi kumtosha, zote zinamwishia juu ya kifundo kama mtu anayevuka mto. Nataka akishuka kwenye basi watu waone mtu aliyeshonewa na mama yake. Mpime vizuri uniletee vipimo, maana vya zamani sivitaki, umesema amekonda.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu nilipompeleka kuandikishwa sijawahi kulipita jengo lile. Nazunguka njia ya nyuma. Wenye watoto jeshini wanasema wanajivunia, nami nasema najivunia, halafu narudi kwangu najiuliza kwa nini sikumwacha akashona. Alitaka kushona, unajua? Nilimcheka. Sasa kwa kuwa yuko salama naweza kulisema hili nikapumua. Juzi nililipita lile jengo, kwa mlango wa mbele.

Vipimo usicheleweshe.

Dada yako


Tarehe 8 Machi

Dada,

Vipimo hivi hapa. Kiuno ishirini na tisa. Nyonga thelathini na sita. Paja ishirini. Urefu, kulia arobaini na tano, kushoto arobaini na tano. Upana wa chini nane, hapendi suruali pana.

Alikuwa na haraka ya kurudi ghalani, hatukuongea sana. Anakusalimu. Anasema kijivu ni rangi nzuri.

Mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Mguu wa kushoto wa mwanangu ni inchi arobaini na nne na nusu.

Alipokuwa na miaka saba alianguka kutoka paa la shule, mfupa ukaunga vibaya kidogo. Wewe ulikuwa umeshahamia huko, na sikukuandikia kwa sababu sikutaka iwe habari ya familia. Nusu inchi mwili unaizoea, alitembea, akakimbia, hakuna aliyegundua. Lakini suruali inasema. Kwa hiyo kila suruali niliyomshonea tangu siku hiyo pindo la kushoto nililipandisha nusu inchi. Sikumwambia mtu. Hata yeye mwenyewe hajui. Nilitaka akue akijiona sawa na wenzake.

Nilipoona arobaini na tano mara mbili nilikasirika. Nikasema huyu amepima mguu mmoja, uvivu umemshika. Nikachukua kalamu nikutukane. Kisha nikaiweka chini. Wewe ni mvivu wa kunoa mkasi, si wa kupima. Sote wawili baba alitufumulisha suruali nzima kwa kosa hilo, tukiwa na miaka kumi na kumi na mbili, na hatukulirudia. Huwezi kuuacha mguu ulio mbele yako. Basi haukuwa mbele yako.

Nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya. Twiga anakaa kwenye kiti. Twiga anacheka. Hakuna mahali amesimama, hakuna mahali amekupeleka kituoni au amekuja kwako kula. Na wewe uliyenieleza mpaka pini za koplo, tangu tarehe ishirini na moja hujataja mgonjwa hata mmoja. Wewe usiyejua kunyamaza.

Sasa naogopa zaidi ya mguu. Barua yake ile fupi haina tarehe. Aliandika lini? Ni yeye aliyeandika? Nimewafukuza wateja. Dereva wa basi anarudi kesho kutwa, nimemwambia asiondoke huko bila jibu lako hata kama ni mstari mmoja. Mwanangu amepoteza mguu, au sina mwana?

Dada yako


Tarehe 16 Machi

Dada,

Yu hai. Naanza na hilo, mengine yafuate.

Yu hai, anakula, anaongea, barua ile aliandika yeye nikiwa nimekaa kando yake. Mguu wa kushoto hana, umekatwa juu ya goti. Yuko wodi ya nne katika hospitali ninayofanya kazi, na ghala nililitunga mimi. Dereva amesimama mlangoni, anapiga honi, ngoja naandika haraka.

Alinisihi usijue. Anasema wewe ndiye uliyempeleka, na ukiuona mguu utajilaumu mpaka kufa. Anataka apate mguu wa bandia kwanza ndipo akuambie. Nikakubali, kwa sababu alikuwa kitandani na mimi nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili, nikashindwa kumkatalia. Halafu ikaja barua yako ya vipimo. Nilipomaliza mguu wa kulia nilibaki na futi mkononi. Akaniambia, andika sawa na huo mwingine. Mimi binti wa baba yule, nikaandika. Nilijua ni kosa la kazi hata kabla ya kujua ni kosa gani.

Uliniambia hutanisamehe, sikuombi leo. Nakuomba kingine. Hajui kwamba umejua. Akisikia unakuja ataomba kuhamishwa, na sista anasema daktari atamkubalia. Kwa hiyo tubadilishane. Nimeomba ruhusa ya wiki mbili, wamekubali mradi nilete fundi. Njoo ukae chumbani kwangu kwenye cherehani. Mimi nitakuja kushika duka lako na sare zako. Kutoka chumba cha kushonea mpaka wodi ya nne ni kupita dobi na korido moja. Kuivuka korido hiyo au kutoivuka utaamua mwenyewe ukiwa huko.

Mdogo wako


Tarehe 27 Machi

Dada,

Siku ya tatu dukani kwako na bado halijaungua.

Mwalimu mkuu amekuja kuchukua sare, amesema ni nzuri, ila fundi anaongea sana. Muuza mkaa anasema afadhali. Kuna mama mmoja aliyekataa kabisa kupimwa nami, amesema atakungoja wewe hata kama ni mwaka kesho, nikampa kiti angoje. Ameondoka baada ya saa moja. Cherehani yako nzito, dada, sijui unaiendeshaje na magoti yako.

Nafanya mizaha lakini moyo wangu hautulii. Pale kituo cha basi tulipopishana ulinipa funguo ukaniambia kitasa cha nyuma kinagoma, basi. Hukuniangalia. Nilisimama pale mpaka basi lako likapotea, nikaja nikalia kwenye duka lako kama mtoto. Nilidhani nalinda watu wawili, kumbe nilikuwa nawatenganisha. Nisamehe au usinisamehe, lakini usininyamazie.

Watu wananiuliza umekwenda wapi. Nawaambia umekwenda kumwona mwanao. Sijui kama nasema kweli. Umemwona?

Mdogo wako


Tarehe 30 Machi

Mdogo wangu,

Kazi kwanza. Toa sare zote chumba cha nyuma, fagia, fungua dirisha. Kitanda hakitamtosha, tia benchi miguuni na juu yake godoro dogo. Kitasa cha nyuma mwite fundi akitengeneze, mtu wa magongo hawezi kusimama anahangaika na funguo. Tunakuja Jumamosi kwa basi la mchana. Daktari amemruhusu, atarudi huku kila mwezi kuangaliwa mpaka mguu wa bandia uwe tayari. Uwepo kituoni. Kuhusu kukusamehe, sijamaliza kukasirika, lakini nitakapomaliza utakuwa ungali mdogo wangu, na nisingependa ulale na wasiwasi huo.

Sasa nikueleze.

Siku nne sikuvuka korido. Nilikaa chumbani kwako nikafanya kazi. Nimefumua mishono yako miwili mitatu, kwapani hukushona mara mbili kama nilivyokwambia. Wagonjwa wanaoweza kutembea walikuja wenyewe, wasioweza sista aliniletea vipimo, kwa sababu nilimwambia bado sijawa tayari kuingia wodini na akanielewa. Sajini wako alikuja siku ya pili. Alinitazama, akatazama urefu wangu, akasema, wewe ni mama wa yule. Nikamwambia ndiyo. Akavuta kiti akakaa. Kisha akanieleza kwamba Twiga ndiye anayewasomea barua wasioona, na kwamba yule koplo wa pini ni rafiki yake, wanagombana kuhusu mpira kutwa. Nilimwomba asiseme niko hapa, akasema hajaniona. Koplo naye alikuja. Akatoa pini mwenyewe akaziweka mezani, akasema, kata, mama. Nikakata, nikashona, nikampigia pasi. Alipotoka sikuweza kushona tena mpaka mchana.

Unaniuliza kwa nini sikwenda. Niliogopa. Si mguu, mdogo wangu, nimeshaona miguu mingi humu kwa siku nne. Niliogopa atanionea huruma. Nilijua nitamwambia nisamehe, naye atasema hapana mama, si kosa lako, ni bahati mbaya, ni kazi ya vita, na mimi nitaitikia, na tutaishi hivyo mpaka tuzeeke, kila mmoja akimfunika mwenzake shuka.

Siku ya tano alikuja mwenyewe. Alikuwa na suruali begani, anamtafuta fundi aikate. Alidhani atakukuta wewe, sista hakumwambia kwamba uko likizo. Nilisikia magongo koridoni na nikayajua ni yake, sijui kwa nini, sijawahi kumsikia akitembea kwa magongo. Sikuinua kichwa. Niliendelea kukanyaga cherehani bila kitambaa chini ya sindano.

Akasema shikamoo mama. Nikaitikia marahaba.

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha kupimia, akaegemeza magongo ukutani. Nikamtazama. Kila mahali, mdogo wangu, sikuruka mahali. Hakujifunika. Ana mvi mbili sikioni, umeziona? Miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndani ya basi, yote ikapotea. Nikamwambia habari ya nusu inchi. Sijui kwa nini nilianzia hapo. Nikamweleza paa la shule, mapindo yote niliyoyapandisha, na namna nilivyoujua uongo wenu. Akaanza kucheka, akasema miaka yote ya suruali za jeshi alidhani ni yeye asiyejua kuvuta mkanda sawasawa. Akacheka mpaka akalia. Mimi sikulia, unanijua. Nililia kwenye basi, tena kwa sauti, mpaka kondakta akaja kuniuliza kama nimeibiwa.

Halafu nikalisema. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekupeleka. Ulitaka kushona, nikakucheka, nikakushika mkono nikakupeleka."

Nikangoja hiyo hapana mama. Haikuja. Alitembeza kidole kwenye ukingo wa meza. Dobi walikuwa wanapakua mashuka, nikawasikia wanahesabiana.

"Ndiyo, mama," akasema. "Wewe ndiye uliyenipeleka."

Sijui kama utaelewa, lakini nilipumua. Angenikatalia ningebaki nalo peke yangu. Alilisema bila hasira, akaniangalia machoni akilisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya meza ya ofisa nikajiona nimekaa na mwanangu, si na mtu ninayemdai msamaha. Nikamuuliza nifanye nini.

Akanipa magongo niyashike, akajishikilia begani kwangu akasimama, mrefu vile vile.

"Basi unirudishe nyumbani wewe mwenyewe," akasema.

Dada yako